Akiba Iliyooza

Kuna sifa moja ya gari ambayo nimeisikia maisha yangu yote, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyozidi kuitilia shaka. Ni ile ya kusema kwamba gari "halijatembea". Muuzaji akitaka kupandisha bei hakwambii kwamba gari linakwenda vizuri, wala kwamba usukani wake ni mwepesi, wala kwamba limemfurahisha kwa miaka kumi. Hukuonyesha namba kwenye dashibodi na kusema, "Jionee mwenyewe, mileji ndogo." Na mnunuzi huinama, husoma, hutikisa kichwa kwa heshima. Sijui chombo kingine tunachokisifu namna hiyo. Jahazi lisilowahi kutoka bandarini halimpi nahodha wake jina, na ngoma isiyopigwa hakuna anayejua sauti yake.

Kwa gari la kazi naielewa hoja hiyo. Lori au teksi ni kama gunia la unga: kilichotumika kimepungua, na mnunuzi ana haki ya kujua kimebaki kiasi gani. Lakini gari la spoti si gunia la unga. Lina viti viwili, buti lake halitoshi mzigo wa arusi, huwezi kumpakia mama mkwe na wajukuu, na petroli linakunywa kama halina mlipaji. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kumfurahisha aliyeshika usukani. Lisipoendeshwa, limebaki kuwa nini?

Ni haki msomaji ajue mapema kwamba sisemi haya kama mtu aliyesimama kando ya barabara. Mwaka 2018 marehemu kaka yangu aliniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, iliyokuwa imefunikwa turubai katika banda nyuma ya nyumba yetu, Mombasa. Mita ilisoma maili 61,388. Pamoja na gari aliniachia daftari la jalada gumu, na wasiwasi wake wote.

Kwanza niseme juu ya gari lenyewe. 240Z ilianza kuuzwa Marekani kwa dola zipatazo 3,500, wakati Jaguar na Porsche za aina yake zilihitaji mfuko mnene zaidi. Ilikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, ukubwa wa lita 2.4, kabureta mbili, na kila gurudumu na springi zake peke yake bila kutegemea la upande wa pili. Boneti yake ni ndefu kama pua ya papa, na dereva anakaa nyuma karibu na matairi yanayosukuma, kiasi kwamba gari likianza kuteleza unalisikia kiunoni kabla ya kuliona kwa macho. Halikuwa gari la matajiri. Lilitengenezwa ili mshahara wa kawaida uweze kununua raha iliyokuwa ya wachache.

Sisi wa Afrika Mashariki tulilijua kwa njia nyingine. Pasaka ya mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za East African Safari kwa 240Z, na Shekhar Mehta akawa wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta naye akashinda, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun nyingine. Tulikuwa vijana, tukisikiliza redioni. Kaka yangu aliapa kwamba atalipata gari lile, na mwaka 1974 akalipata kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Alikopa kwa mjomba, akauza pikipiki, na kwa muda wa mwaka mzima tulimtania kwamba anakula petroli.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kaka yangu alikuwa mtu wa daftari. Kila alipojaza petroli aliandika tarehe, maili, kiasi, bei, na mahali. Ukurasa wa kwanza unasema maili 18,240. Mimi nimekuwa mhasibu kwa miaka thelathini na minne, nimesoma vitabu vya makampuni makubwa na madogo, lakini sijapata kusoma hesabu zilizonihuzunisha kama hizo.

Miaka ya mwanzo ni furaha tupu. Malindi. Tanga. Tanga tena. Lushoto. Arusha, akipitia Voi na Taveta. Bei ya petroli ilikuwa imeruka baada ya mwaka 1973, na pembeni ya baadhi ya bei hizo ameweka alama ya mshangao, lakini hakuacha kwenda. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na Tanga ikatoweka daftarini, ikarudi mara mbili tu baada ya mpaka kufunguliwa mwaka 1983. Wundanyi imo karibu kila mwaka. Kuna klachi moja, matairi, plagi, pedi za breki, oili kila baada ya maili 3,000. Hakuna kitu cha kutisha. Ni hesabu za mtu anayetumia chombo chake na kukilipia.

Halafu unafika mwaka 1998. Katika daftari limebandikwa karatasi lililokatwa kutoka gazeti moja la magari, likieleza kwamba tangu mwaka 1997 kampuni ya Nissan yenyewe ilikuwa ikizinunua 240Z kuukuu huko Marekani, kuzifufua na kuziuza tena madukani kwa karibu dola 25,000. Chini yake kaka ameandika kwa kalamu nyekundu: "Litunzwe." Mwisho wa mwaka huo mita ilisoma 60,970.

Kutoka hapo hadi kifo chake, miaka ishirini, gari lilitembea maili 418. Ni maili 21 kwa mwaka, ambazo kutoka Mombasa hazikufikishi hata Kilifi. Kila mstari unasema jambo moja: "2, kuchaji betri." "3, kuchaji betri." Mimi mwenyewe nilimwomba anipeleke Wundanyi mwaka 2004, nilipopandishwa cheo. Alinijibu, "Mdogo wangu, lile si gari tena, ile ni akiba." Akanipeleka kwa pikapu.

Akiba haiozi, ndivyo tulivyofundishwa. Basi nieleze tulichokikuta mimi na fundi tulipofunua turubai. Petroli ilikuwa imegeuka kitu kama gundi, ikaziba tundu ndogo za kabureta. Tangi lilikuwa na kutu ndani. Oili ya breki ina tabia ya kunyonya maji hewani, na maji hayo yalikuwa yamekula silinda za breki mpaka pistoni zikaganda. Mipira ya kuzuia mafuta ilikuwa imekauka na kupasuka, kwa sababu mpira wa namna hiyo hubaki laini kwa kulowana na mafuta yanayozunguka. Matairi yalikuwa na meno mazima kabisa na hayakufaa hata kidogo, magumu kama ubao, yamepasuka ubavuni. Panya walikula nyaya. Na chini ya zulia, upande wa abiria, hewa ya chumvi ya Mombasa ilikuwa imetoboa sakafu mpaka nikaona saruji ya banda. Fundi alichomoa kipande cha kutu kwa vidole, akanitazama. "Mzee," akasema, "gari hili lilitaka jasho."

Siwezi kulinganisha shilingi za mwaka 1976 na za mwaka 2019. Mhasibu yeyote anajua zile si fedha moja. Lakini naweza kulinganisha kazi kwa kazi. Miaka 24 ya kutembea maili 42,730 ilihitaji klachi moja na vitu vya kawaida vya kubadilisha. Miaka 20 ya kusimama ilihitaji breki nzima, tangi, mipira yote ya injini, kabureta zote mbili kufunguliwa, matairi manne, nyaya, na mchomeleaji wa sakafu aliyekaa kwetu wiki tatu. Katika taaluma yangu tuna neno uchakavu, na tunaukadiria kwa njia mbili: kwa miaka au kwa matumizi. Kaka yangu alihesabu matumizi peke yake, akasahau kwamba miaka nayo ina mita yake, isiyoonekana kwenye dashibodi.

Lakini uhakiki wa haki lazima umsikilize pia mshtakiwa, na hoja ya kaka yangu haikuwa ya kijinga. Soko lilimuunga mkono. Januari 2020, katika mnada mmoja huko Marekani, 240Z ya mwaka 1971 iliyokuwa imetembea maili elfu ishirini na moja na kitu iliuzwa dola 310,000. Zilizotembea sana hazikaribii bei hiyo. Mtu akiniambia kwamba kila maili ninayoendesha inanipunguzia fedha, hasemi uongo. Na zaidi ya fedha, kuna uchakavu wa kweli. Gia ya pili ya gari langu inalalamika asubuhi. Mihimili midogo ya kabureta inalegea. Spea ya mwili wa gari hili huipati tena Kirinyaga Road, hata ukizunguka siku nzima. Kila safari inakula kitu ambacho hakitarudi.

Ninachopinga ni kuigeuza hasara hiyo kuwa ibada. Nimehudhuria maonyesho ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, ambako majaji huinama na kutazama mpaka chini ya injini. Ni siku nzuri, na sitaki kuidharau. Kuna wenye magari pale wanaojua kila skurubu kwa jina. Lakini nilimsikia bwana mmoja akijisifu kwamba gari lake huletwa juu ya trela na kurudishwa juu ya trela, na waliomzunguka wakashangilia kana kwamba ametaja ushindi. Nikawaza: kama sifa ya gari ni kutoguswa na barabara, basi gari bora kuliko yote ni picha yake.

Na tazama ni 240Z ipi ambayo Nissan yenyewe imeihifadhi Japani kwa heshima. Ni ile ya Herrmann na Schüller iliyoshinda mwaka 1971, nayo si safi hata kidogo. Mwili umebonyea. Mwaka 2013 walifufua injini yake ikaunguruma tena, lakini mabonyeo wakayaacha kama yalivyotoka katika barabara zetu. Walielewa kwamba ukiyanyoosha utakuwa umefuta habari yenyewe. Kwa gari lile, uchakavu ndio cheti.

Kuna mtu mwingine ambaye hutajwa sana katika mjadala huu, marehemu Irv Gordon, mwalimu wa sayansi kutoka Long Island, New York. Mwaka 1966 alinunua Volvo P1800S nyekundu, gari la spoti, akaliendesha kila siku. Mwaka 1987 lilifikisha maili milioni moja. Septemba 2013, huko Alaska, lilifikisha milioni tatu, yaani kilomita milioni 4.8. Ni wastani wa zaidi ya maili 60,000 kwa mwaka: kila mwaka alitembea karibu sawa na alichotembea gari letu kwa miaka 46. Alifariki mwaka 2018, mwaka ule ule wa kaka yangu. Siri yake haikuwa muujiza. Alibadilisha oili kwa wakati, alifuata kitabu cha matengenezo, na alisafiri masafa marefu ambamo injini hupata joto lake kamili na kukausha unyevu wote ndani ya oili. Maili mbili za kuchaji betri hufanya kinyume chake: injini haijapata joto bado, unaizima, na unyevu unabaki humo.

Nampenda Gordon, lakini hata yeye namtilia shaka kidogo. Rekodi inapoanza kutangazwa, hatari ni ile ile imegeuzwa kichwa chini: mtu anaweza kuendesha ili namba ipande, kama mwingine anavyosimamisha gari ili isipande. Wote wawili wanatazama dashibodi. Na namba yenyewe si ya kuaminiwa sana. Mita ya 240Z ina tarakimu tano za maili. Ikifika 99,999 inarudi sifuri na kuanza upya kama mtoto mchanga. Bila daftari la kaka nisingeweza kuapa kwamba 61,388 si 161,388. Tunainama na kutikisa kichwa mbele ya gurudumu dogo la plastiki linalosahau.

Baada ya kusema hayo yote, ningependa kumaliza kwa kueleza jinsi nilivyoishi sawasawa na hoja zangu. Sitaweza.

Gari lilipokuwa tayari, mnunuzi mmoja kutoka Nairobi alinijia kwa adabu, akataja bei iliyozidi pensheni yangu ya miaka mitano. Aliweka sharti moja: mita isipite 65,000. "Usilitembeze tena, Mzee," akanishauri. "Hapo lilipo ni pazuri." Nilimwomba muda. Jumamosi iliyofuata nikamchukua binti yangu, tukaenda Wundanyi.

Barabara kuu hadi Voi haina raha, ni malori tu na moshi. Lakini ukiiacha Mwatate na kuanza kupanda milima ya Taita, lami inajikunja kama mkia wa kinyonga, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, hewa inapoa kila kona. Gia ya tatu, gia ya pili, breki, geuza, kanyaga. Injini ile ikipita mizunguko elfu nne sauti yake hubadilika, haingurumi tena bali huimba kwa pua. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini mjomba hakulipwa deni lake kwa miaka mitatu. Binti yangu alikuwa akicheka. Nami, mhasibu wa miaka thelathini na minne, nilikuwa natazama mita. Ilikuwa ikikaribia 62,000, na nilitaka kuona zile tarakimu zikigeuka.

"Baba, barabara!" akapiga kelele.

Bodaboda alikuwa amesimama kwenye kona, akifunga mzigo wake wa kabichi. Nilimkwepa kwa upana wa kiganja. Niliposimama mbele kidogo miguu ilikuwa ikitetemeka. Nikarudi kumwomba radhi kijana wa watu. Alikubali radhi, akalisifu gari, akauliza limetembea kiasi gani.

Sikumjibu. Nilikuwa nimeona aibu, na si kwa sababu ya kona peke yake. Nilikuwa nimempanda mlima kaka yangu kwenye kiti changu. Kumbe wasiwasi haukumzuia kuendesha tu. Ungeweza kumfuata mtu hata akiwa anaendesha, ukamnyang'anya safari akiwa ndani yake.

Mnunuzi alipiga simu mara tatu. Mara ya mwisho mita ilikuwa 65,200 na kitu, akanitakia heri, bei ikaondoka naye. Siwezi kusema haikuniuma. Usiku ule nilipiga hesabu za nyumba ambayo ningeijenga, vyumba vitatu na kisima, nikalala saa tisa. Ninayemsomea msomaji hoja hizi ni mtu aliyelipa kwa ajili yake, na ambaye hana hakika kama watoto wake watamshukuru. Leo ni 66,712, na klachi ya pili imeanza kuteleza.

Daftari nimeliendeleza. Nilifikiri kuifuta safu ya maili, nikamwambia fundi, naye akanicheka. "Ukiifuta, nitajuaje lini nimwage oili?" Nadhani huyo amemaliza ubishi wote huu kwa swali moja. Namba ile ni ya fundi. Inamwambia lini abadilishe oili, lini atazame breki, lini klachi itahitaji mkono wake. Kosa la kaka yangu, na langu pale mlimani, lilikuwa kuitwaa kazi ya fundi na kuifanya kuwa thamani ya gari, na ya siku zetu.

Katika safu ya mahali, mstari wa mwisho wa mkono wa kaka unasema "2, kuchaji betri". Unaofuata, kwa mkono wangu, unasema "Wundanyi".